Miezi saba na mashine ya induksheni: uniti zinaliwa na koili

Nafua tindo, patasi na majembe Gerezani, Dar es Salaam, na kwa miaka 12 moto wangu ulikuwa wa mkaa na feni. Sasa ni mwezi wa saba natumia mashine ya induksheni, yaani inayopasha chuma kwa usumaku wa umeme bila moto, ya fezi tatu, iliyoandikwa kilowati 15, yenye pedali ya mguu na koili ya bomba la shaba linalopitisha maji. Naandika kwa ajili ya fundi mwenzangu anayehofia kwamba umeme utammaliza.

Nilisoma LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) kabla na baada ya kazi. Tindo 50 za chuma cha springi cha milimita 20, kila moja ikipashwa mara tatu (mbili za kufua, moja ya kuchovya kwenye oili), zinakula uniti 11, pampu ya maji ikiwemo. Kwa shilingi 356 kila uniti, haifiki elfu nne. Kazi hiyohiyo ilikuwa ikimaliza nusu gunia la mkaa. Kilo moja ya mkaa mkavu ina nishati ya karibu uniti 8, lakini sehemu kubwa inapotelea hewani, na moto unaendelea kula hata ukisimama kupatana bei na mteja. Mashine hii inavuta umeme wa maana ukikanyaga pedali tu, na joto linazaliwa ndani ya chuma chenyewe.

Ila sikuanza na uniti 11. Mwezi wa kwanza kazi ile ilikula 17, nikakaribia kuiuza. Koili iliyokuja na mashine ilikuwa na uwazi wa milimita 50, na tindo yangu ilielea katikati yake, mbali na shaba, usumaku mwingi ukapita pembeni bila kuigusa. Nikanunua bomba la shaba la mafundi friji, nikalijaza mchanga mkavu lisijikunje vibaya, nikalizungusha kwenye kipande cha bomba hadi likabaki na uwazi wa milimita 30. Ncha iliyokuwa ikichukua sekunde 70 kuiva ikaiva kwa 40. Mashine ni ileile, umeme uleule. Aliyeniuzia hakunigusia habari ya koili hata kidogo, na hilo bado linaniuma, maana ndilo lililokuwa likinila pesa.

Gusa pipa la maji ya kupoza uone umeme mwingine unakokwenda. Langu ni la lita 200, na mpaka mchana maji yamekuwa ya uvuguvugu kabisa. Lile joto nimelilipia. Koili ikibana vizuri, maji yanachelewa kupata moto. Tumia maji safi: ya kisima chenye chumvi yaliniachia ukoko ndani ya bomba, mashine ikawa inajizima kila baada ya dakika chache.

Jambo jingine la kuzoea: chuma kinapanda haraka mpaka karibu nyuzi 770, halafu kasi inashuka. Hapo chuma kimepoteza usumaku wake. Mwanzoni nilidhani mashine imechoka, nikawa nakanyaga bila kipimo mpaka ncha mbili zikaungua na kutoa cheche. Siku hizi nahesabu sekunde.

Kwa shafti nene siisifii. Nilijaribu ya milimita 50: ngozi ikawa ya njano, moyo bado mgumu, nyundo ikarudi. Masafa ya mashine ndogo kama hii, yaani kasi ya umeme kugeuka huku na huku ndani ya koili, ni ya juu, na joto linabaki karibu na uso. Inabidi uachie pedali, usubiri lizame, ukanyage tena, na uniti zinaendelea kwenda. Ukiwa na kazi nene kila siku, tafuta mashine ya masafa ya chini. Shaba na alumini nazo hupashwa kwa shida.

Mapambo ya mageti hayaingii kwenye koili, kwa hiyo gunia moja la mkaa bado liko kona ya karakana. Koili ya shingo ya jembe naanza kuizungusha wiki ijayo.