Mafundi wa ukuta wa kuzuia udongo: nyota nne kati ya tano

Nimesubiri msimu mzima wa mvua uishe ndo naandika, maana ukuta wa kuzuia udongo ukiusifia siku ya kukabidhiwa unakua umesifia plasta tu. Sasa nasema kwa moyo wote, jamaa wanajua kazi. Ukuta una mita mbili kwenda juu, nyuma ni mtelemko wa udongo wa mfinyanzi ule unaovimba ukinywa maji, na hauna ufa wala haujainama.

Fundi mkuu alivyofika hakuanza na bei, aliuliza maji ya huko juu yanaelekea wapi. Akanieleza kitu ambacho watu wengi hawaambiwi: maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita mbili mpaka juu, maji peke yake yanasukuma kama tani mbili kwa kila mita moja ya ukuta, na hapo udongo wenyewe bado hujauhesabu. Ukipandisha kimo mara mbili msukumo unakua mara nne. Ndo maana kuta nyingi zinalala mvua ikikolea hata kama simenti iliwekwa ya kutosha, maji yanakosa pa kutokea. Na alikataa kabisa kuanza bila mchoro wa injinia, hapo nikajua niko na watu.

Kwenye nondo ndo walinimaliza. Zile kubwa za wima walizipeleka upande wa udongo, hawakuzipanga katikati kama wanavyofanya wengi, kwa sababu zege ikikandamizwa inavumilia ila ikivutwa inapasuka, na udongo ukisukuma uso unaovutwa ni ule wa nyuma. Chini zimekunjwa zikaingia kwenye kitako cha zege, kitako kipana zaidi ya nusu ya kimo cha ukuta na sehemu yake kubwa imeenda nyuma chini ya udongo, yani udongo ule ule unaosukuma ndo unakikalia kisinyanyuke. Kijana mmoja alikua anapita na tepu anapima nafasi kati ya nondo na mbao, sentimita tano, pale ilipopungua anakata waya anaweka biskuti nyingine (kile kipande kidogo cha zege cha kuachanisha nondo na mbao) anafunga upya, mwenzake akamwambia achana nayo bwana hapo patafunikwa, yeye akaendelea tu kupima. Huyo kijana apewe maua yake jamani.

Nyuma wakaweka kokoto safi zisizo na vumbi, kitambaa cha kuchuja kati ya kokoto na udongo ili tope lisizibe, chini paipu yenye matundu inayomwaga pembeni, na mbele matundu ya kutolea maji. Zege waliimwagilia wiki nzima, na hawakugusa udongo mpaka ikomae. Kurudishia walirudishia kwa tabaka za sentimita ishirini hivi, kila moja inashindiliwa kabla ya inayofuata, na mashine nzito hawakuisogeza karibu na ukuta, hapo walitumia ile ndogo ya kusukuma kwa mkono.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu mbili. Mfereji wa juu wa kukinga maji kabla hayajafika nyuma ya ukuta haukuwemo kwenye makubaliano, nimeudai mwenyewe wakauweka, ila kitu muhimu vile hakitakiwi kusubiri mteja akikumbuke. Halafu simu, ukipiga hawapokei, ukituma meseji unajibiwa kesho yake, inachosha sana ukiwa na saiti imesimama.

Ukiwachukua waambie wakupigie picha za nondo kabla hawajamwaga zege na za paipu kabla hawajarudishia udongo, hawana shida na hilo, mimi walinitumia zote na nimezihifadhi pamoja na mchoro.