Wise kwa Anayepokea Pauni Kisumu

Kwa sisi wa Kisumu ambao ndugu zetu hututumia karo na pesa za matibabu kutoka Uingereza, huduma ya Wise, iliyoanzishwa London mwaka wa 2011 kwa jina la TransferWise, ina sifa moja kuu: hubadilisha pauni kwa kiwango cha kati cha soko, yaani kile kilicho katikati ya bei ya kununua na ya kuuza sarafu hiyo, kisha huonyesha ada yake waziwazi kabla mtumaji hajathibitisha. Washindani kadhaa hutangaza kwamba hawatozi ada, ilhali faida yao imefichwa ndani ya kiwango. Wakipunguza shilingi 4 tu kwa kila pauni, anayetumiwa pauni 200 hupoteza shilingi 800, fedha ambazo hakuna mchuuzi wa soko la Kibuye angezidharau. Kinachofaa kulinganishwa, basi, ni shilingi zitakazomfikia mpokeaji.

Pesa huingia M-Pesa au benki. Kiasi kikubwa ningekipitisha benki, kwa kuwa M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa kila muamala. Hata hivyo, Wise haina mawakala wa kutoa pesa taslimu, kwa hiyo nyanya asiyependa mambo ya simu atahudumiwa vyema zaidi na Western Union.