Jeshi la mazimwi kwenye simu: uzoefu wangu na gemu la kuunganisha

Kama unatafuta gemu la kucheza kwenye basi la mwendokasi la Dar es Salaam umesimama, mkono mmoja umeshika bomba, basi magemu ya kulea na kuunganisha mazimwi yanakufaa sana. Hili ninalocheza mimi linahitaji kidole gumba tu. Uwanja una nafasi 15, safu tatu za tano tano. Unanunua yai kwa sarafu, linaanguliwa zimwi dogo la levo 1. Ukipata jingine la aina hiyo hiyo unaliburuta juu ya mwenzake, yanakuwa zimwi moja la levo 2, lenye pembe kidogo na mwili mkubwa zaidi. Jeshi likikaa sawa unabonyeza kitufe cha vita, yanapigana yenyewe, wewe unatazama. Basi likitoka Shekilango, kabla ya Manzese pambano limeisha na sarafu zimeingia.

Ndugu wa zamani wa mchezo wa namna hii wengi tunamjua bila kujua kwamba tunamjua. Mwaka 2014 karibu kila simu ilikuwa na 2048, ule wa kusukuma namba zinazofanana hadi zijumlishwe, alioutengeneza kijana wa Kiitalia, Gabriele Cirulli. Mwaka 2017 ikaja Merge Dragons!, na hapo vitu vya kuunganishwa vikawa na macho na mabawa. Hesabu ya chini ya hili ninalocheza ni ile ile ya 2048. Levo ya 2 inakula mazimwi 2 ya mwanzo, levo ya 3 inakula 4, ya 5 inakula 16. Mpwa wangu, yuko darasa la tano, aliichukua penseli akaendelea kuzidisha kwa mbili nyuma ya daftari lake mpaka levo ya 10. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Anko, kwa hiyo hili moja limekula mayai 512?" Ndiyo, 512. Tangu siku hiyo haliachii hovyo zimwi kubwa likae mstari wa mbele.

Na mstari wa mbele ndiko gemu hili lilikonishika. Mtu akianza huwa anaunganisha kila kinachounganika, kwa sababu inafurahisha, simu inatetemeka na zimwi linanguruma. Lakini zimwi kubwa lina pigo moja kwa wakati mmoja. Adui akileta vijizimwi vingi vidogo, lako linampiga mmoja kwa nguvu ambayo ingetosha kuua watano, nguvu iliyobaki inapotea bure, na wakati huo wengine wamelizunguka wanalimega taratibu. Hapo manne ya levo 4 yanafanya kazi ambayo moja la levo 6 haliwezi, ingawa yai kwa yai gharama ni ile ile, 32. Akija bosi, yule joka mmoja mnene anayefunga kila hatua, mambo yanageuka: vidogo vyote vinafyekwa kabla havijamfikia, unahitaji lile moja kubwa limshike, na mazimwi yanayorusha moto yakae safu ya nyuma kabisa pembeni. Kwa hiyo swali la kila pambano ni hili: niunganishe sasa au nisubiri nimwone anayekuja? Mimi napenda sana gemu linalonifanya nisubiri. Nafasi 15 nazo zinakubana, maana ukisubiri mno uwanja unajaa na yai jipya halina pa kukaa, halafu bei ya yai inapanda kila ukinunua.

Sasa matangazo. Ukiwa umewasha data, karibu kila pambano likiisha linakuja tangazo la video, na alama ya kulifunga ni ndogo kuliko punje ya mchele, imejificha pembeni. Ukishinda wanakupa kitufe cha kuzidisha sarafu, sharti uangalie tangazo jingine. Kwa mtu wa bando la siku, hapo ndipo gharama ya gemu la bure ilipo: video moja baada ya nyingine, jioni unataka kutuma picha WhatsApp, MB zimekata. Dawa ipo na ni rahisi. Zima data kabla ya kufungua gemu. Linacheza vizuri tu bila intaneti, matangazo hayaji, kitufe cha kuzidisha nacho hakifanyi kazi, na kwa uzoefu wangu sarafu za kawaida zinatosha kabisa ukipanga jeshi kwa akili. Kuna pia kifurushi cha kulipia mara moja ili matangazo ya lazima yaondoke. Nimekilipia, kwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye pesa ya simu, na naona ni haki, waliotengeneza nao wale. Almasi, zile za ndani ya gemu zinazouzwa kwa pesa halisi, ndizo sinunui. Zinakupeleka levo za juu bila kupanga chochote, na kupanga ndiko ninakokupenda.

Simu yangu si ya bei kubwa, RAM ni GB 3, na gemu halikwami isipokuwa pambano likiwa na warusha moto wengi. Hapo picha inagandaganda na mgongo wa simu unapata joto. Chaji inaenda haraka. Siku umeme umekatika mtaani silifungui kabisa.

Kuna jambo limeniuma zaidi ya matangazo. Jeshi linahifadhiwa ndani ya simu peke yake. Mdogo wangu simu yake ilikufa ubao wa ndani, akanunua nyingine Kariakoo, akapakua gemu lile lile, akaanzia yai la kwanza. Mazimwi aliyoyalea miezi yote yamekwenda na ile simu. Gemu linalomwambia mtu alee kitu lilipaswa kumpa pa kukihifadhi, hata kwa akaunti ya barua pepe tu. Nimewaandikia watengenezaji, hawajajibu.

Wenye watoto wanaoshika simu zenu, ingieni mipangilio ya Play Store, muweke kwamba kila manunuzi yanadai nenosiri. Kitufe cha almasi kimekaa jirani kabisa na kitufe cha yai, na mtoto anabonyeza kwa kasi. Yangu nimeweka, na mpwa wangu anacheza kwa raha zake, siku hizi ananipangia hata mimi safu ya nyuma. Gemu hili nimelipatia nyota nne. Ya tano nimeishikilia mpaka waruhusu kuhamisha jeshi kutoka simu moja kwenda nyingine.