Ushauri nasaha wa familia hapa Tanga: uzoefu wangu na karatasi ya vizazi vitatu

Kwa wanaouliza kama ushauri nasaha wa familia unasaidia kitu, nami niseme yangu. Nimeupata hapa hapa Tanga, Chumbageni, kwa mshauri wa kike anayefanya kazi binafsi. Sikwenda kwa ugomvi wa ndoa. Kaka yangu amemsusa mama, mama analia, na mimi nilikuwa nimechoka kubeba maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Nyumbani kwetu jambo hili lina jina lake tangu zamani: laana. Babu mzaa baba alitoka Kasulu mwishoni mwa miaka ya 1940, akaja na wale vibarua waliokusanywa na Silabu, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1944 kutafutia mashamba ya mkonge watu wa kazi. Manamba, kama walivyoitwa. Alikata mkonge upande wa Muheza, akapata mke wa Kibondei, na Kasulu hakurudi tena, hata mama yake alipokufa. Wazee wanasema aliondoka bila radhi. Baba naye aligombana na mdogo wake kwa ajili ya kiwanja, akaingia kaburini hawajasalimiana. Sasa ni kaka, yuko Mwanza, na simu ya mama haipokei tangu harusi ya binti yake, pale mama alipomsema mbele ya wakwe. Shangazi alishahukumu: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mshauri hakuicheka laana hata kidogo. Aliuliza tu, "Sawa, dada. Inapita wapi? Mtoto anajifunza kwa nani kwamba mtu akiudhika hukata mguu?" Kisha akatandaza karatasi ya manila mezani.

Mchoro wenyewe unaitwa jenogramu. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, aliyefariki anapigwa alama ya X. Ndoa ni mstari wa kulala, na waliotalikiana mstari wao unakatwa kwa vistari viwili. Hapo unafanana na ukoo wowote ulioandikwa. Tofauti inakuja anapochora mistari ya hisia: walioshikamana kupita kiasi wanaunganishwa kwa mistari mitatu, wagomvi kwa mstari wa msumeno, na waliosusana kwa mstari uliokatika katikati. Nilipotazama karatasi ile, mstari uliokatika ulikuwa kwa babu, kwa baba na kwa kaka. Hilo nililijua. Sikulijua swali lililofuata: babu alipokatika na kwao, nani alikuwa akizungumza na waliobaki?

Akanituma nikaulize. Nikaenda Muheza kwa shangazi, nikamkuta juu ya mbuzi anakuna nazi, akanijibu bila kuinua kichwa: "Bibi yako. Alikuwa anamlipa karani wa shamba amwandikie barua kwenda Kasulu, kwa jina la babu yako. Mwenyewe babu hakujua mpaka anakufa." Nilikaa kimya kwenye mkeka. Halafu nikakumbuka sahani ya pilau ambayo mama alikuwa akiifunika kitambaa kila Idd, ananipa nipeleke kwa baba mdogo kwa mlango wa nyuma, na kuniambia nisimwambie baba.

Kikao kilichofuata hayo yote yalipanda kwenye manila. Kila mwanamume aliyesusa, kando yake kulikuwa na mwanamke aliyepeleka salamu: bibi, mama, kisha mimi. Kwa kuwa salamu zilifika, hakuna mwanamume hata mmoja aliyelazimika kufungua kinywa. Kususa kwao kuliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu wa kati. Mshauri alinionya nisilichukue hili kama kosa la wanawake. Ni mtindo ambao nyumba nzima iliushika, waliosusa na waliosuluhisha, na kila mmoja alikuwa akijaribu kupunguza maumivu.

Asili ya mawazo haya ni kwa daktari wa akili wa Marekani, Murray Bowen (1913–1990). Kati ya 1954 na 1959, akiwa Bethesda, Maryland, alilaza wodini familia pamoja na mgonjwa wao, akawatazama wanavyoishi. Aliona wasiwasi unahama kutoka mtu hadi mtu. Wawili wakizidiwa humvuta wa tatu, na pembetatu hiyo ikishazoeleka watoto huirithi bila kuambiwa. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, na nadharia yake ikawa na dhana 8. Si yote aliyoyasema yamesimama. Dhana yake ya mwanzo kwamba skizofrenia, ule ugonjwa mkali wa akili, hujengeka kwa mwenendo wa familia kizazi baada ya kizazi, matabibu wa leo hawaitegemei. Lakini kuhusu mtu wa tatu, mimi nimeona kwa macho yangu.

Mshauri alisisitiza pia miaka, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Ugomvi wa kiwanja uliangukia wakati ule ule shamba lilipopunguza watu. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Bei ikaporomoka, kamba za plastiki zikaingia sokoni, mashamba yakaanza kufa. Ndugu wawili waliokosa kazi wakabaki na kipande kimoja cha ardhi. Sisi tulikuwa tukisimulia ugomvi ule kana kwamba uliangushwa na shetani.

Sasa kilichobadilika. Mama alipiga simu, akaanza kama kawaida, "Mwambie kaka yako..." Nikamjibu maneno tuliyoyafanyia mazoezi: "Mama, wewe ni mama yangu na yule ni kaka yangu, wote wangu. Hilo la harusi naomba umpigie mwenyewe." Akanyamaza. Kisha akasema, "Siku hizi umekuwa Mzungu." Jioni shangazi naye akapiga: nimepotoka, nirudi nilivyokuwa, la sivyo nisikanyage Muheza.

Ningelivunjika moyo kama nisingeandaliwa. Bowen alieleza kwamba mtu mmoja akihama mahali pake, wenzake humrudisha kwa hatua hizo hizo tatu: umekosea, rudi, usiporudi utaona. Na ushauri wake ni mgumu: usibishane, usijitetee, na zaidi ya yote usikate mguu. Kukata mguu ndiyo njia ya babu. Basi nikaenda Muheza kama siku zote, nikamsaidia mama kuchambua mchicha, tukaongea machungwa na presha yake, na kila alipomtaja kaka nilimwitikia kwa huruma bila kuuchukua mzigo.

Kaka naye nampigia kwa mambo yake mwenyewe, jina la mama silitaji. Majuzi aliniuliza kama mama anapata dawa za presha. Nikamwambia aulize mwenyewe. Hajapiga bado. Ila mama ameshamtumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mjukuu, na hili hakuwahi kulifanya.

Wengine watasema kikao cha wazee kingetosha. Nakiheshimu, kina kazi yake. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Nilishakaa kwenye baraza la mdogo wangu, na pale swali lilikuwa nani kakosa, aombe radhi. Kwetu radhi zimeombwa mara nyingi, na watu wakaendelea kununiana. Hapa hakuna anayehukumiwa, kwa hiyo shangazi alinieleza jambo ambalo mbele ya wazee asingelitoa.

Kasoro zipo. Karatasi za kusoma nyumbani ni za Kiingereza na zimetungwa kwa familia ya baba, mama na watoto wawili. Sisi wa wake wawili, tuliolelewa na bibi, wenye mama wakubwa na mama wadogo, tunakuwa kama pambizo. Ile dhana ya nafasi ya kuzaliwa, Bowen aliyoichukua kwa mwanasaikolojia Walter Toman, kwangu haikushika: mimi binti wa kwanza kwa mama, mtoto wa 4 kwa baba, na nimekulia nyumba ambako mkubwa alikuwa mtoto wa shangazi. Mshauri alikubali, akagundisha manila ya pili ili wote waenee. Chumba nacho kimegawanywa kwa mbao nyembamba. Ukilia, wa nje anasikia. Nimemwambia, na natamani alirekebishe, maana mambo ya ukoo hayasemwi kwa sauti ya kunong'ona. Nililipa shilingi 30,000 kwa kikao cha saa moja.

Kama nyumbani kuna kipigo, tafadhali usianzie hapa. Wakosoaji, hasa watetezi wa wanawake, walishasema kwamba kumtazama kila mtu kama sehemu ya mfumo kunaweza kumfanya aliyepigwa aonekane mshirika. Nenda kwanza dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, upate usalama wako.

Kwa wengine: unaweza kwenda peke yako, si lazima mwende wote. Kabla ya kwenda, kaa na shangazi au bibi aliye hai, umuulize nani alihama mwaka gani, nani aliacha kusemezana na nani, na nani alikuwa akiwapelekea salamu. Hilo la mwisho usilisahau. Kwetu hakuna aliyewahi kuliuliza.