Fatherland: riwaya tamu niliyouziwa bila mwisho

Hasira zangu zina wenyewe wawili, mwandishi na muuzaji, na bado sijaamua yupi kanikera zaidi.

Kitabu ni Fatherland cha Robert Harris, kilitoka mwaka 1992. Humo Ujerumani ilishinda Vita vya Pili vya Dunia. Ni Aprili 1964, Berlin imejaa mabendera, Hitler anatimiza miaka 75, na mpelelezi Xavier March anaitwa alfajiri kwenda kuangalia maiti ya mzee iliyokutwa ziwani. Mzee ni Josef Bühler. Huyu alikuwepo kweli: alikaa kwenye kikao cha Wannsee cha Januari 1942, kile cha kupanga kuwamaliza Wayahudi wa Ulaya, na mwaka 1948 akanyongwa Poland. Kwenye riwaya hakuna aliyemnyonga, kastaafu zake vizuri tu. Yaani March anahangaika na maiti moja wakati wewe msomaji unajua ya mamilioni, na huna jinsi ya kumtonya.

Kuna sehemu anampeleka mwanawe kutembezwa mjini kwa basi (mtoto wa kiume, anaitwa Pili, nilicheka peke yangu kwenye daladala). Wanafika kwenye ukumbi mkubwa kiasi kwamba pumzi za watu zinapanda hadi kubani, zinageuka wingu, halafu manyunyu yanawarudia humo humo ndani. Niliirudia hiyo sehemu.

Sasa March yuko mikononi mwa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, moyo unanidunda, nafunua ukurasa: jalada. Kurasa za mwisho hazipo! Zimenyofolewa, gundi imebaki na vinyuzi vyake.

Nikamrudia muuzaji, yule wa vitabu vya mitumba. Hata kitabu hakukishika.

"Dada yangu, sasa mwisho si unajulikana? Hitler alishindwa."

"Kaka, humu alishinda."

"Basi mwandishi muongo huyo. Chukua kingine."

Kingine chenyewe kilikuwa cha mapishi. Wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikaanza kufoka pale barabarani kama niliyeibiwa pochi. Pesa hakurudisha. Eti nimeshakisoma!

Rafiki yangu mmoja anacho kizima, akanipigia picha kurasa zilizobaki na kunitumia kwenye simu. Nikajifungia chumbani, nikasoma. Na unajua nini? Mwisho wenyewe nao umekatwa! Charlie, dada wa Kimarekani, mwandishi wa habari anayemsaidia March, kabeba ushahidi wa mauaji ya Wayahudi anaelekea mpaka wa Uswisi, na kama atavuka au hatavuka Harris hasemi. Kitabu kinafungwa March akiwa bado kasimama, nawe umekodoa macho. Nilitamani kuirusha simu ukutani. Nimegombana na mtu hadharani kwa ajili ya kurasa ambazo hazijibu kitu!

Nilipanga kukipa nyota mbili. Lakini usiku sikulala, nikawa namvusha yule dada mpakani kichwani mwangu, mara anakamatwa, mara anapita. Halafu nikawaza, hata akivuka, nani huko atataka kumsikiliza, wakati Rais wa Marekani mwenyewe anajiandaa kwenda Berlin kupatana na Hitler?

Haya, nne. Ile moja nimeikata kwa sababu ya muuzaji, ambaye Harris hamjui wala hahusiki naye. Basi tano. Ila mwisho ule, jamani, hapana.