Gesti au hosteli kwa mwanamke anayesafiri peke yake: uzoefu wangu wa Geita hadi Musoma

Ninaandika haya hasira zikiwa bado hazijaniisha, ingawa safari yenyewe imepita kitambo, na anayetafuta habari za bei, televisheni na intaneti ya chumbani azitafute kwingine. Mimi nina jambo moja tu la kueleza, nalo ni jinsi mwanamke anavyopokelewa anapoegesha gari lake mbele ya nyumba ya wageni usiku, bila mtu yeyote kwenye kiti cha pembeni.

Nilitoka Geita mchana. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji ambazo zamani zilikupanga foleni ya kivuko bila kujua utavuka saa ngapi, sasa unazimaliza kwa dakika chache, kwa hiyo nilipoingia Mwanza na kuona jua bado liko juu, niliamua kusonga mbele. Kilichonichelewesha baada ya hapo ni tochi za trafiki. Barabara ya Musoma vijiji vyake vimefuatana, kila kimoja na kibao chake cha kilomita 50 kwa saa, na mimi sina fedha za faini. Giza likanikuta Lamadi, nikaingia gesti ya kwanza iliyokuwa na uzio na geti.

Kijana wa mapokezi hakuitikia salamu yangu. Alichungulia gari kupitia dirishani, akanitazama, akauliza, "Dada, kulala au shoti taimu?" Nikamjibu kulala. "Mko wangapi?" Nikamwambia niko peke yangu. Akafungua kitabu cha wageni, kile kikubwa kilichopigwa mistari kwa rula, akaniandikisha jina, kabila, nitokako na niendako, kisha akaruka mstari mmoja chini ya jina langu na kumwandika mteja aliyekuwa nyuma yangu. Nilipouliza nafasi ile ni ya nani, alinijibu bila kuinua uso kwamba ni ya mwenzangu, ataandikwa atakapofika.

Kitabu chenyewe sikilalamikii. Kumwandikisha mgeni ni utaratibu wa kawaida, na kwa anayesafiri peke yake ni kinga pia, kwa sababu likitokea la kutokea kuna mahali panapoonyesha kwamba ulipita. Ninachokilalamikia ni ule mstari mtupu. Nililipa shilingi 25,000 kwa chumba cha selfu ambacho, kusema haki, kilikuwa safi, chandarua hakina tundu na maji yanatoka, na leo ningekuwa ninakisifu kama mlango wangu usingegongwa saa tano usiku nikiwa nimeshashikwa na usingizi. Nilidhani gari langu limemzibia mtu njia. Kumbe ni kijana yule yule: "Dada, mbona mgeni wako hafiki? Nataka kufunga geti." Nilimjibu maneno ambayo mama yangu hajui kama ninayajua, naye akaondoka akiguna, kana kwamba mwenye kukosewa ni yeye. Sikulala tena. Kila kandambili iliyopita koridoni niliisikiliza mpaka ilipoishia.

Musoma nilifikia hosteli inayoendeshwa na masista: vitanda viwili vya chuma, bafu la pamoja mwisho wa korido, na kimya ambacho kwa hali niliyokuwa nayo ningekilipia zaidi. Sista aliyenipokea aliniuliza mambo mawili tu, kama nimefunga milango ya gari na kama ningependa maji ya moto. Niliyelala naye chumba kimoja alikuwa muuguzi kutoka Tarime aliyekuja kwenye semina. Asubuhi tulikunywa chai kwa chapati, akanielekeza kwenda Mwigobero kutafuta sato kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo nilipoapa kwamba gesti sitaikanyaga tena maishani.

Kiapo hicho kilivunjikia Mwanza. Wakati wa kurudi tairi lilipasuka karibu na Magu, fundi akaja kwa muda wake anaoujua yeye, nikaifikia saa nne na ushee hosteli nyingine ya kanisa, ya Mwanza, ambayo nilikuwa nimeshailipia kwa simu. Geti limefungwa. Mlinzi alinijibu kwa upole kabisa kupitia upenyo: "Dada, mwisho wetu ni saa tatu. Funguo anazo Sista, naye ameshalala." Nikamwonyesha ujumbe wa malipo. Akausoma wote, akanipa pole, akarudi kibandani kwake. Upole ule uliniumiza kuliko ufidhuli wa Lamadi, kwa maana yule kijana hana adabu, lakini angenifungulia. Tena angenifungulia hata tungekuwa wawili!

Aliyenisitiri usiku ule ni gesti ya Buzuruga, hapo hapo Mwanza, iliyo karibu na baa yenye muziki wa kutikisa vioo. Mapokezi alikuwepo mama mtu mzima aliyejitanda kanga, akaniambia, "Karibu mwanangu, pole na safari," akaandika jina langu, akanipa ufunguo na sabuni, basi. Nililala fofofo na muziki wao.

Sasa nikiulizwa kipi ni bora, ninaanza kusema hosteli, halafu ninalikumbuka lile geti na ninaghairi. Ya Lamadi siirudii hata wakibadilisha mhudumu. Labda wabadilishe na kitabu. Hosteli ya Mwanza nayo haijanirudishia fedha yangu hadi leo. Nimepiga simu, Sista akasema fedha ikishaingia haitoki, ila nikipita tena nitalala bure, na nadhani nitapita, mradi Magu niivuke mchana.