Manifodi ya hewa ya Hilux 1KD: nilinunua mbili, iliyokaa ni moja

Hilux yangu ni Vigo ya 2008, injini 1KD, dizeli ya lita 3. Kazi yake ni kubeba matenga ya nyanya, Ilula hadi Dar. Kushuka mlima Kitonga na mzigo hakunipi shida. Kasheshe ni kurudi. Gari haina kitu zaidi ya mifuko michache ya mbolea, lakini tukianza tu kupanda inafuka moshi mweusi kama tanuri la matofali, na malori yenye mzigo yananiacha.

Nilibadilisha filta ya dizeli, nikabadilisha ya hewa, nikapeleka nozeli kupimwa. Wapi! Mwishowe fundi wangu akafungua bomba la hewa, akamulika kwa tochi ya simu ndani ya manifodi, yaani kile chombo kinachogawa hewa kwenye silinda, akaniita: "Bosi, njoo uone. Gari yako inapumulia pua moja." Masizi yalikuwa yameganda ukutani, yananata kama lami, na njia ya hewa imebaki ya kupitisha kidole kwa shida. Ndiyo maradhi ya dizeli zenye EGR. Hiyo EGR ni valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye hewa inayoingia, moshi unakutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye injini yenyewe, vinakorogeka uji, uji unaganda.

Ningeisafisha tu yaishe. Lakini sikio moja la boliti lilikuwa na ufa, na kuchomelea aluminiamu bila kuupinda uso wake si kazi ya kila mchomeleaji. Nikashuka kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupenda kung'aa. Nilichukua mpya isiyo orijino, laki mbili na nusu, imefungwa kwenye nailoni, nyeupe pe. Nyumbani fundi akaigeuza juu chini juu ya gazeti na kuigonga kwa mpini wa nyundo. Chembe za mchanga zikadondoka, mchanga wa kalibu iliyotumika kuisubu. Kumbuka hewa inafika kwenye manifodi ikiwa imeshapita filta na turbo, kwa hiyo chembe ikitoka hapo haina pa kunaswa, inaingia moja kwa moja kwenye silinda. Tukaiosha mara tatu, tukaifunga. Turbo ikianza kusukuma, filimbi! Tukaifungua tena, tukalaza rula ya chuma kwenye uso wake, na katikati mwanga ukapenya. Uso haukuwa umenyooka, gasketi haikuwa na la kufanya. Dukani wakaniambia iliyokwisha kufungwa hairudi. Haya.

Pale pale Gerezani kuna wanaokuuzia manifodi za "kuongeza nguvu". Kwa dizeli ya turbo kama hii mimi sinunui hadithi hiyo. Kwenye petroli isiyo na turbo, urefu wa mabomba ya manifodi una maana: marefu yanasaidia injini ikiwa inazunguka polepole, mafupi inapozunguka kwa kasi. Hapa hewa inasukumwa na turbo. Ukibadilisha manifodi peke yake, bila kugusa dizeli inayopulizwa, utabadilisha sura tu chini ya boneti.

Ya pili nilinunua mtumba, orijino, iliyong'olewa kwenye injini ya Japani. Laki nne, na ilikuwa chafu kuliko ile yangu ya mwanzo. Safari hii nilienda na rula yangu na gasketi mpya mkononi. Nikailaza gasketi juu ya matundu, yakalingana. Nikaingiza boliti kwa vidole kwenye kila tundu la uzi, zikazama bila kugoma. Nikahakikisha pa kukalia valvu ya EGR na sensa panafanana na yangu, maana 1KD zina matoleo, si kila manifodi ya 1KD inaingia kwenye kila 1KD. Muuzaji alinuna, lakini alisubiri.

Tuliiloweka kwenye dizeli usiku kucha, tukakwangua, tukaiosha na kuikausha kwa kompresa. Fundi alikaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, halafu akaingiza upepo kidogo wa kompresa kwenye bomba la hewa na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio. Hakuna povu. Na wakati iko wazi alikagua washa za nozeli, jambo ambalo mwenye 1KD hapaswi kulisahau.

Kitonga sasa napanda bila kutafutwa na macho ya watu. Moshi upo kidogo nikikanyaga ghafla. EGR sikuiziba, ingawa mafundi wawili walishaniletea kibati mkononi. Kwenye baadhi ya gari kinawasha taa ya injini, na sitaki kesi hiyo. Nitakuwa naifungua na kuisafisha.

Ile mpya inayong'aa iko nyumbani. Mama watoto anakandamizia turubai la mahindi upepo ukivuma, na kwa kazi hiyo haina kasoro.